Shajara ya mradi: tanbihi za Dracula

Wiki ya 1: kanuni

Kazi ni dibaji na tanbihi za tafsiri ya Kiswahili ya Dracula, riwaya ya Bram Stoker iliyotoka London mwaka 1897. Sura zote 27 zimeshafasiriwa, rasimu ya kwanza. Kinachopungua ni maelezo ya riwaya ilikotoka: vitabu gani vilimfikia Stoker, lini, na alivifanyia nini. Hapa ndipo dibaji nyingi zinapoteleza. Zinaanza na Vlad wa Wallachia, mtawala wa karne ya 15 aliyeitwa pia Dracula, na miti yake ya kuchomekea watu, kisha zinarudi nyuma kumtafutia Stoker njia ya kumjua.

Sisi tunaanza na karatasi. Stoker alikufa Aprili 1912 akaacha madokezo ya kazi yapatayo kurasa mia na zaidi, mengine ya mkono, mengine ya taipu. Julai 1913 yalinadiwa Sotheby's, yakaenda kwa paundi 2 na shilingi 2. Leo yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Rosenbach, Philadelphia, na tangu 2008 yamechapishwa, picha za kurasa pamoja na ufafanuzi wa Robert Eighteen-Bisang na Elizabeth Miller. Dokezo la mapema kabisa lenye tarehe ni la 8 Machi 1890, na la mwisho ni la Machi 1896. Miaka 6 ya matayarisho, kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuendesha ukumbi wa Lyceum wa mwigizaji Henry Irving, hesabu za mchana na maonyesho ya usiku. Yeyote anayesema riwaya hii ilimwagika kwa ndoto moja hajaziona kurasa hizo.

Kila tanbihi inapewa herufi. M: imo kwenye madokezo. R: matini ya riwaya yenyewe inathibitisha. H: hati nyingine ya wakati ule, kama gazeti au mkataba. S: yasemwayo tu. Tanbihi ya S haingii kitabuni, hata ikiwa tamu namna gani.

Wiki hii hii mbili zimeanguka. Ya kwanza ni kisa cha Stoker kula kaa kupita kiasi kisha kumwota mfalme wa vampaya akitoka kaburini. Ya pili ni madai kwamba msomi Arminius Vambery wa Hungaria ndiye aliyemsimulia habari za Vlad. Ni kweli walikula chakula cha usiku pamoja mwaka 1890, lakini madokezo hayana hata mstari mmoja uliotajwa kuwa umetoka kwake. Vambery amebaki kwenye tanbihi ya sura ya 18, ambapo Van Helsing, daktari anayeongoza wawindaji wa Dracula, anamtaja rafiki yake Arminius. Hiyo ni R, si zaidi.

Wiki ya 2: Styria

Mpango wa mwanzo haukuwa na Transylvania, nchi ya Dracula kwenye riwaya. Kwenye madokezo ya Machi 1890 mtawala anaishi Styria, Austria, na jina lake ni Count Wampyr. Styria haikuokotwa ovyo. Ndiko Sheridan Le Fanu alikomweka Carmilla, vampaya wa kike, katika hadithi iliyotoka jaridani 1871 hadi 1872. Le Fanu alikuwa mtu wa Dublin kama Stoker, tena mmoja wa wamiliki wa Dublin Evening Mail, gazeti ambalo Stoker kijana aliliandikia uhakiki wa tamthilia bila malipo.

Ushahidi wa pili ni hadithi fupi aliyoitoa mjane wake Florence mwaka 1914, ambayo aliiita kipande kilichokatwa kwenye riwaya kwa sababu ya urefu. Msafiri anajihifadhi kwenye kaburi la mwanamke wa ukoo bora, na kwenye jiwe pameandikwa kwamba alitoka Gratz, Styria, akafa 1801. Ni salamu kwa Carmilla. Tumeiwekea H, na kwenye dibaji tumeipa aya nzima kwa sababu inaonyesha mkono wa mwandishi ukifuta.

Nyuma ya Le Fanu dibaji inapita haraka kwa waandishi wa riwaya za Kigothi, yaani za kutisha: Horace Walpole 1764, Ann Radcliffe 1794, Matthew Lewis 1796. Tumekaa sehemu mbili tu. Moja ni John Polidori na hadithi yake ya vampaya, 1819. Vampaya wa ripoti za wakuu wa Austria kutoka vijiji vya Serbia, 1725 na 1732, walikuwa wakulima waliovimba makaburini. Polidori ndiye aliyemfanya vampaya kuwa bwana wa heshima anayealikwa sebuleni. Kwa hiyo joho na cheo cha Dracula vimetoka vitabuni, havikutoka kijijini, na msomaji asiambiwe vinginevyo.

Nyingine ni Walpole mwenyewe, na hapa tumefurahia sana tulichokiona tulipoweka matini mbili sambamba. Walpole alitoa riwaya yake akidai ni tafsiri ya kitabu cha Kiitaliano kilichochapwa Naples 1529. Hati ya kale iliyookotwa ikawa mlango wa riwaya za Kigothi. Stoker anaingia kwa mlango huohuo, ila hati zake si za kale hata kidogo: shajara ya hati mkato, silinda za nta za fonografu, simu za maandishi, vipande vya gazeti, vyote vikipigwa taipu na Mina, mke wa mwanasheria Jonathan Harker. Mtindo wa kugawa ushahidi kwa mashahidi wengi ulikwisha kutiwa nguvu na Wilkie Collins, 1859 hadi 1860. Halafu kwenye ukurasa wa mwisho Harker anakiri kwamba katika karatasi zote walizo nazo hakuna karibu hata moja ya asili, ni rundo la taipu tu. Rasimu yetu iliandika "nyaraka halisi zote tunazo". Kinyume kabisa. Imesahihishwa.

Wiki ya 3 na 4: Whitby

Wiki mbili, maana hapa ndipo riwaya ilipopata jina, chombo, mzee wake na nusu ya hali yake ya hewa.

Stoker alikaa Whitby, pwani ya Yorkshire, majira ya joto ya 1890, nyumba namba 6 Royal Crescent. Kwenye maktaba ya mji aliazima kitabu cha William Wilkinson kuhusu tawala za Wallachia na Moldavia, cha 1820, akaandika mpaka namba yake ya rafu. Ukurasa wa 19 unamtaja voivode, yaani mtawala, aitwaye Dracula aliyevuka Danube kuwashambulia Waturuki, na tanbihi chini ya ukurasa inaeleza kwamba kwa lugha ya Wallachia neno hilo lina maana ya Ibilisi, na kwamba watu wa huko humpa jina hilo yeyote aliyevuma kwa ushujaa, ukatili au hila. Stoker alinakili tanbihi hiyo. Baadaye akarudi kwenye orodha yake ya wahusika, akakata Wampyr, akaandika Dracula.

Hayo ndiyo tunayoyajua aliyoyajua. Wilkinson hataji jina Vlad kwa mtu huyo wala miti. Madokezo nayo hayataji. Vlad wa tatu alitawala Wallachia, kusini ya milima. Dracula wa riwaya ni Mszekely, mtu wa jamii ya Szekely ya Transylvania, kaskazini, karibu na kipito cha Borgo. Ngome ya Bran inayoonyeshwa kwa watalii iko mbali kusini, na Stoker hakuwahi kufika nchi hizo. Vlad mchomeka watu aliunganishwa na riwaya kwa nguvu hasa baada ya 1972, kwa kitabu cha wanahistoria McNally na Florescu.

Jambo hili limegusa tafsiri moja kwa moja. Mfasiri alikuwa ameweka tanbihi: Dracula maana yake ni mwana wa joka. Kwa historia ya ukoo ni sawa, kwani baba yake Vlad aliingia Shirika la Joka mwaka 1431. Kwa riwaya si sawa, kwa kuwa Stoker alisoma Ibilisi. Tanbihi sasa inaanza na Ibilisi, na joka linafuata kwa sentensi moja, likiwa limeelezwa wazi kwamba ni la wanahistoria.

Chombo: tarehe 24 Oktoba 1885 skuna ya Kirusi Dmitry, kutoka Narva, ilipanda mchangani Whitby ikiwa na farumi ya mchanga mweupe. Stoker alipata habari hiyo kwa mlinzi wa pwani, akainakili. Kwenye riwaya Dmitry imekuwa Demeter, na Narva imepanguliwa herufi ikawa Varna, bandari ya Bahari Nyeusi. Mchanga umebaki, umeongezewa makasha ya udongo. Ukilinganisha dokezo na sura ya 7 unaona fundi akifanya kazi: habari ya baharini hakuigusa, aliingiza mzigo mmoja tu.

Kwa sura hiyo Kiswahili kina hazina na rasimu haikuitumia. "Kitabu cha kumbukumbu za meli" kimekuwa batli. "Mchanga wa kuongeza uzito" umekuwa farumi. Nahodha aliyekufa amejifunga mikono kwenye usukani, rozari kiganjani. Rasimu ilisema "amefungwa", na kosa hilo linaharibu kesi nzima, kwa sababu wachunguzi wanajadili kama mtu anaweza kujifunga mwenyewe na kukaza fundo kwa meno.

Mzee Swales ana jina lililotoka kwenye jiwe la kaburi la Whitby, na maneno yake yametoka kwenye orodha ya msamiati wa Whitby iliyotungwa na F. K. Robinson, 1876. Stoker alinakili maneno ya lahaja kurasa kadhaa. Tulijaribu kumpa Swales Kipemba. Kurasa mbili za kwanza zilivutia, ya tatu ikabomoka: msomaji anaanza kuona Wete, si Whitby, na mizaha yake juu ya makaburi matupu ya waliozama baharini inasikika kama ya mtu mwingine. Tukajaribu Kiswahili sanifu, akawa mwalimu. Uamuzi: Kiswahili cha mazungumzo cha mzee wa baharini, sentensi fupi, misamiati ya vyombo, bila sauti za lahaja yoyote moja. Tanbihi inaeleza kilichopotea.

Wiki ya 5: nchi ya ng'ambo ya msitu

Transylvania, jina lenye maana ya ng'ambo ya msitu, kwa Stoker ni ya kusoma. Emily Gerard, Mskoti aliyeolewa na afisa wa jeshi la Austria na kukaa huko, alitoa makala kuhusu imani za Transylvania Julai 1885 na kitabu 1888. Kutoka kwake limekuja neno nosferatu, alilolitumia kwa vampaya, na mkesha wa Mtakatifu George. Charles Boner, 1865, E. C. Johnson, 1885, na A. F. Crosse, 1878, wametoa njia, vyakula, mavazi. Sabine Baring-Gould, 1865, aliandika juu ya watu wanaogeuka mbwa mwitu, na nyusi zilizokutana za Dracula zimetoka huko.

Kosa la kuepuka: jua kumuua vampaya. Dracula anatembea Piccadilly mchana, nguvu zake tu ndizo zinazopungua. Jua la kuua limekuja na sinema ya Kijerumani ya 1922. Vilevile hauawi kwa kigingi. Harker anamkata koo kwa kisu cha kukri, na Quincey Morris, Mmarekani miongoni mwa wawindaji, anamchoma moyo kwa kisu chake cha kuwindia. Kigingi ni cha Lucy, rafiki wa Mina aliyegeuka vampaya.

Damu ya Lucy: wanaume wanne wanamtilia damu, mmoja baada ya mwingine, bila kupima. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner karibu na 1901, miaka minne baada ya kitabu. Tanbihi ya mistari miwili inatosha.

Wiki ya 6: vampaya, mumiani, msukule

Wiki nzima kwa maneno matatu, na hatujutii.

Pendekezo la kwanza lilikuwa mumiani. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama gundi, inayopakwa au kuyeyushwa kwenye samli na kunywewa, inayosemekana hutoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyoganda, na kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini watu hawatoki baada ya magharibi. Mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima, 2000, juu ya uvumi huo na jamaa zake, wazimamoto wa Kenya na Uganda. Lakini mumiani ni mtu aliye hai, mwajiriwa, ana gari na vifaa, anachukua damu ili iuzwe. Hana kaburi la kurudi. Ukimwita Dracula mumiani, msomaji wa Dar es Salaam atamtafuta bosi wake.

Msukule alikuja karibu zaidi kwa upande wa kaburi: amezikwa, kumbe yupo. Ila msukule ni mtumwa wa mchawi, analimishwa usiku, hana hiari. Neno hilo linamfaa Renfield, mgonjwa wa akili anayemtumikia Dracula, zaidi kuliko Dracula mwenyewe, na hata kwa Renfield ni tashbihi tu.

"Wafu walio hai" nalo lilikataliwa, kwa sababu John Mbiti alilitumia wazo hilo 1969 kwa wahenga ambao bado wanakumbukwa kwa majina, na hao ni watu wa heshima.

Tumeamua: vampaya, na mara ya kwanza tu "vampaya mnyonya damu". Kwa neno la Van Helsing lenye kikanushi mbele, ambalo pia lilikuwa jina la riwaya kwenye mswada, The Un-Dead: Asiyekufa, wingi Wasiokufa, kwa herufi kubwa. Kikanushi kimebaki mahali pake. Popobawa hakutajwa popote. Bawa la popo kwenye jina lake linavuta macho, lakini hanyonyi damu.

Wiki ya 7: kalenda na saa

Riwaya haitaji mwaka. Jedwali la tarehe na siku kwenye madokezo linalingana na 1893. Ndani ya riwaya kuna kithibitisho: tarehe 26 Septemba Van Helsing anamsikitikia daktari Charcot kuwa hayupo tena, na Charcot alifariki 16 Agosti 1893. Neno la mwisho la Harker linasema imepita miaka saba, na kitabu kilitoka 1897. Hesabu haikutani. Tumeacha mgongano uonekane, tusiufanyie ukarabati.

Kwa 1893, 3 Mei ni Jumatano. Tarehe 4 Mei, Alhamisi, mama mwenye hoteli ya Bistritz anamsihi Harker asiondoke kwa sababu ni mkesha wa Mtakatifu George. Sikukuu ni 23 Aprili kwa kalenda ya Julian. Karne ya 19 tofauti ilikuwa siku 12, kwa hiyo 5 Mei. Rasimu iliandika "usiku wa Alhamisi". Msomaji wa pwani anayehesabu siku kuanzia magharibi ataelewa usiku wa kuamkia Alhamisi, na atakuwa amemtoa Harker hotelini siku moja kabla. Imekuwa "usiku wa kuamkia Ijumaa", na hapo Kiswahili kinabeba hofu ya mama yule kuliko maelezo yoyote.

Saa zimepitiwa zote, kwa kuwa rasimu ilichanganya hesabu mbili. Treni inaondoka Munich saa 2:35 usiku. Ilitarajiwa Vienna saa 12:46 asubuhi, ikachelewa saa moja. Hatua: kwanza badilisha saa zote kwa orodha, kisha soma sura nzima ukiangalia jua. Njia ya pili ndiyo iliyonasa makosa mawili, ambapo Dracula alikuwa amezinduka adhuhuri.

Wiki ya 8: makasha, prufu

Makasha 50 ya udongo, malalo ya Dracula yaliyosambazwa London, yamehesabiwa upya: Carfax 29, Chicksand Street 6, Jamaica Lane 6, Piccadilly 9. Yaliyokutwa Piccadilly ni 8. Rasimu ilikuwa na 9 yaliyokutwa, na kwa tarakimu hiyo moja sura 5 za mwisho hazina sababu ya kuwepo, kwa maana wawindaji wanasafiri mpaka Transylvania kulifuata kasha hilo moja.

Sehemu ya jukwaa imefungwa. Tarehe 18 Mei 1897, siku chache kabla ya kitabu kutoka, Stoker alifanya usomaji wa jukwaani Lyceum ili kulinda hakimiliki ya tamthilia. Matini yake ilikuwa kwa sehemu kubwa prufu, yaani kurasa za majaribio ya chapa, za kitabu zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa, na nakala hiyo ipo British Library. Kwa kuwa ilitokana na prufu, inatusaidia kuona sentensi zilivyokuwa kabla ya masahihisho ya mwisho.

Limebaki suala la ngome. Kwenye mswada wa taipu, baada ya Dracula kufa, ardhi inatikisika na ngome inaporomoka. Kifungu hicho kilikatwa kabla ya uchapaji. Kitabuni ngome inabaki imesimama mbele ya anga jekundu la machweo, na kwenye neno la mwisho Harker anasema ipo kama zamani. Mfasiri, huenda kwa kuathiriwa na sura ya 1 inayoiita ngome iliyochakaa, alimalizia na "magofu yake". Imebadilishwa: "Ngome ilisimama kama hapo awali." Tanbihi, alama H, inaeleza kifungu kilichokatwa. Sura ya 27 imekwenda kwa mpanga kurasa.